Mpira wa maji ya moto kwa mtoto wa sikoseli: ununue upi, na nini kitangulie

Kipupwe kinapoingia mwezi Juni, maduka ya dawa ya Mwanjelwa jijini Mbeya, Makambako na Njombe mjini, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huweka mbele mipira ya maji ya moto: ile mifuko bapa ya mpira mzito, yenye shingo fupi na kizibo cha kuzungusha. Wengi huinunua kwa ajili ya mgongo wa bibi au maumivu ya hedhi. Hapa tunaupima kwa kazi ngumu zaidi: kutuliza maumivu ya mtoto mwenye selimundu, yaani sikoseli, nyumbani, usiku wa manane, nje kukiwa chini ya nyuzi 10 na ukungu umeshuka.

Hukumu tunaitoa mapema. Ununue, wa lita moja au pungufu, lakini ununue baada ya kipimajoto. Pesa ikitosha kitu kimoja tu, chukua kipimajoto, maana joto la kukanda linaweza kumtuliza mtoto ambaye kwa kweli ana maambukizi, na saa mnazozipoteza hapo ni zile ambazo angekuwa tayari ametundikiwa dawa hospitalini.

Kazi ya joto ni rahisi kuielewa. Chembe nyekundu za damu ya mtoto huyu zimebeba himoglobini S, aina yenye kasoro ya kile kinachobeba oksijeni kwenye damu. Zikipungukiwa oksijeni hukakamaa na kupinda mfano wa mundu, kisha hunasa kwenye mishipa midogo. Baridi inapopiga ngozi, mishipa hujibana ili mwili usipoteze joto. Damu inakwenda polepole, chembe zinakaa muda mrefu bila oksijeni, na mfupa uliokosa damu ndio unaouma. Joto la taratibu huilegeza mishipa na misuli. Kwa sababu hiyohiyo barafu na kitambaa cha maji baridi ni mwiko kwake, hata mguu ukiwa umevimba na jirani anasisitiza. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na Makete juu kuliko Njombe, kwa hiyo pamoja na baridi, hewa yenyewe ina oksijeni kidogo kuliko ya pwani. Mtoto aliyehamia huku kutoka Dar es Salaam au Kyela aangaliwe kwa karibu kwenye kipupwe chake cha kwanza.

Mpira hautibu sikoseli. Asidi ya foliki ya kila siku, penisilini ya kinywa asubuhi na jioni kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, chanjo zote, na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, kwa aliyeandikiwa, hizo ndizo nguzo. Mpira unakaa chini ya hizo zote, na muuzaji akikwambia vinginevyo, lipia ulichokifuata uondoke.

Sasa duka. Mipira mingi inayouzwa ni ya lita mbili, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Lita mbili za maji ni kilo mbili. Ukiziweka juu ya muundi unaouma wa mtoto wa miaka minne, uzito peke yake utamliza kabla joto halijamfikia. Tafuta wa lita moja, au wa mililita 750 ukiupata. Mpira wenyewe uwe mnene, usiong'aa sana, wenye mistari ya kuinuka angalau upande mmoja. Mistari hiyo huacha nafasi ya hewa kidogo kati ya mpira na kitambaa, hivyo joto linatoka polepole. Ukunje katikati mbele ya muuzaji, uangalie kwenye mkunjo: ukiona nyufa ndogo nyeupe, mpira huo umezeeka dukani. Kisha fungua kizibo uangalie pete ya mpira iliyo chini yake. Pete ikiwa ngumu, imepasuka au haipo kabisa, rudisha. Mpira mwingi unaovuja huvujia kwenye pete hiyo, na maji ya moto yanayochuruzika usiku ndani ya blanketi ndiyo ajali kubwa ya kifaa hiki.

Kuna alama ambayo wanunuzi wengi hawaitazami. Kwenye mipira mingi, karibu na shingo, kumechongwa kitu mfano wa ua. Namba iliyo katikati ni mwaka wa kutengenezwa, petali 12 ni miezi, na vidoti vilivyo ndani ya petali ni wiki. Hesabu petali zenye vidoti upate mwezi. Mpira una maisha ya takriban miaka miwili ya matumizi, na ule uliokaa stoo miaka minne ni mzee hata kama bado uko kwenye nailoni yake. Ukifika nyumbani, ujaze maji baridi, funga, ugeuze kichwa chini na uubane kwa viganja juu ya beseni. Tone moja tu likitoka, siku hiyohiyo urudi dukani.

Kujaza ndiko kwenye ufundi. Usimimine maji yaliyotoka kuchemka. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, lakini 94 zinatosha kabisa kubabua ngozi ya mtoto na kuuchosha mpira haraka. Kanuni inayoshikika kirahisi ni kikombe kwa kikombe: kikombe kimoja cha maji yaliyochemka, kikombe kimoja cha maji ya bomba. Maji ya bomba ya Julai ni baridi, kwa hiyo mchanganyiko huangukia kwenye nyuzi 55 hivi. Tanguliza maji baridi, yafuate ya moto. Jaza theluthi mbili tu. Kwa mpira wa lita moja hiyo ni mililita 650 au vikombe viwili na nusu vya chai. Ulaze mezani huku shingo umeiinua, uubonyeze taratibu mpaka maji yaonekane mdomoni na hewa yote iwe imetoka, kisha funga. Hewa ikibaki, mpira unatuna kama puto, hautulii kwenye goti, na mshono unabeba mzigo usio wake.

Usiuweke mtupu kwenye ngozi. Uvike soksi kubwa ya sufu au uuzungushie taulo mara mbili, halafu uukumbatie wewe kwanza, kwenye upande wa ndani wa mkono wako, kwa dakika nzima. Mkono wako ukitaka kukwepa, ngozi ya mtoto haitaweza. Dakika 15 hadi 20 mahali pamoja zinatosha. Kisha toa, angalia ngozi, pumzisha, rudia. Ukiona wekundu usioondoka, au madoa ya kahawia mfano wa wavu, umekuwa wa moto mno au umekaa mno. Mtoto asilale juu ya mpira kwa uzito wake, na akisinzia uutoe. Anayetaka kitanda chenye joto auweke chini ya blanketi nusu saa kabla ya kulala, autoe mtoto anapopanda.

Jambo moja la huku kwetu linahitaji kusemwa waziwazi. Bibi akishamchua mtoto kwa dawa ya kuchua yenye mentholi, ile inayowasha na kupoza, mpira usiwekwe juu yake. Dawa hizo zikipashwa moto hupenya zaidi na huchoma ngozi, na mtoto hawezi kutofautisha uwashaji wa dawa na kuungua. Chagua kimoja: kuchua kwa mafuta ya kawaida na mikono yenye joto, au mpira.

Tena kuna sehemu ambazo mpira haupaswi kufika hata mtoto akiuomba. Tumbo la juu upande wa kushoto ndilo la kwanza. Huko ndiko iliko bandama, na kwa mtoto mdogo mwenye sikoseli bandama inaweza kuvimba ghafla na kunyonya damu nyingi kwa saa chache. Mlezi afundishwe kliniki kuipapasa: mtoto alale chali, magoti juu, vidole vibonyeze taratibu chini ya mbavu za kushoto anapovuta pumzi. Jua ukubwa wake siku ya uzima, upime kwa upana wa vidole, uandike. Ikiwa imeongezeka na mtoto amepauka viganjani, amelegea, anapumua haraka, huo si wakati wa kukanda, tafuta usafiri. Kiungo kimoja kilichovimba, chekundu, chenye moto kikiambatana na homa nacho kionwe na daktari, kwa sababu mfupa wenye maambukizi na mfupa uliokosa damu hufanana sana kwa macho. Kifua kinachouma pamoja na kikohozi au pumzi fupi, hospitali. Kichwa kinachouma ghafla, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kuvurugika, hata kama vimepita vyenyewe baada ya dakika kumi: hospitali, kwa sababu kiharusi huwapata watoto hawa. Mvulana ambaye uume umesimama na unauma kwa muda wa saa mbili hapaswi kuonewa haya, apelekwe.

Mtoto mchanga ambaye hawezi kusema "unaniunguza" tusimtumie mpira kabisa. Maumivu ya mwanzo kwa wengi wao, kati ya miezi sita na miaka miwili, ni viganja na nyayo kuvimba. Beseni la maji ya vuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko, linamfaa zaidi: dakika kumi, kisha kumkausha mara moja hadi katikati ya vidole na kumvisha soksi za mikono na miguu. Kumwacha na unyevu kwenye baridi ya Uyole kunafuta faida yote.

Turudi kwenye kipimajoto, maana ndicho tulichokitanguliza. Cha dijitali cha kijiti kinatosha, kile chenye betri ndogo ya mviringo. Kabla ya kulipa, kiwashe: skrini ionyeshe tarakimu zote bila vipande kukosekana, kisha kipimie kwapani mwako. Kikiandika "Lo" kabla ya kupima, hakijaharibika, kinasema tu kwamba joto bado liko chini ya kiwango chake. Kwa mtoto, futa jasho kwapani, ncha ya chuma iguse ngozi katikati ya kwapa wala si shati, bana mkono wake kwenye mbavu, na kikilia usikitoe upesi. Kiache hadi dakika tatu kwa jumla. Kwapa husoma chini ya joto la ndani ya mwili kwa karibu nusu nyuzi, likumbuke hilo namba inapokaribia mpaka.

Na pima kabla ya mpira. Ukiuweka mpira kwanza, halafu upime, hutajua kama 37.9 ni ya mtoto au ya maji. Ikiwa umeshauweka, utoe, subiri dakika 30. Pima pia kabla ya kumpa panado, kwa sababu panado hushusha homa na kuficha kilichopo. Kliniki nyingi hutaka uondoke nyumbani homa ikifika 38.5, nyingine 38. Shika namba ya kliniki yako, uiandike ukutani. Bandama ya watoto hawa huacha kufanya kazi mapema, hivyo bakteria wa nimonia wanaweza kuingia kwenye damu na kuua ndani ya siku moja. Kama mtoto ametoka mabondeni kwenye malaria, mfano Kyela au Usangu, wiki chache zilizopita, mwambie daktari, apimwe malaria pia, ila kipimo kikionyesha hana malaria kisiwarudishe nyumbani bila kutafutwa chanzo kingine.

Vile vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso vina haraka, na havigusi mtoto anayelala, hapo tunavisifu. Kasoro yao inaonekana hukuhuku nyanda za juu: mtoto aliyetoka kwenye upepo huwa na paji baridi, na kifaa kitaandika 35 na kitu huku ndani ana homa. Akae ndani robo saa kwanza, kisha thibitisha kwapani. Vya zebaki, vya kioo, tunashauri viachwe.

Kuhusu mbadala wa mpira, upo mmoja tunaouheshimu na kadhaa tunaoukataa. Tunaouheshimu ni soksi ya mchele. Chukua soksi safi ya pamba, isiyo ya nailoni, mchele mkavu nusu kilo hadi robo tatu, na uzi wa pamba wa kufungia mdomo. Pasha mchele kwenye kikaango kikavu kwanza, moto mdogo, ukikoroga dakika nne au tano, kisha umimine kwenye soksi na ufunge. Ukitaka kuurudia, mimina tena kikaangoni. Hauvuji, unajikunja kwenye vidole na kifundo ambako mpira hautulii. Kasoro yake ni kupoa mapema kuliko maji, na kuwa na sehemu zenye moto mwingi katikati, kwa hiyo utikise na ujaribu mkononi kama ulivyofanya kwa mpira. Mchele huo usipikwe tena.

Chupa ya plastiki ya soda au ya maji ya dukani tunaikataa. Ikipata maji ya moto hunywea, kizibo kinalegea, na inamwaga palepale kitandani. Mpira wa kuchaji kwa umeme, ule wenye waya na maji yaliyofungiwa ndani, unavutia kwa sababu hauhitaji kuchemsha, lakini hutajua kiwango chake cha joto, baadhi hupasuka zikiwa kwenye soketi, na umeme ukikatika usiku umebaki na mfuko wa maji baridi. Anayeununua hata hivyo auchaji mbali na kitanda na achomoe kabla ya kuushika.

Jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala ndilo baya kuliko yote, na ndilo linalotumika zaidi Julai. Mkaa unaowaka chumba kikiwa kimefungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoshika himoglobini na kuizuia kubeba oksijeni. Mtu mzima mwenye damu ya kutosha hufa kwa hewa hiyo. Mtoto wa sikoseli ana himoglobini ndogo kuanzia mwanzo, mara nyingi gramu 7 au 8 kwa desilita, na kila sehemu inayoibiwa humpunguzia oksijeni ambayo tayari ni kidogo. Liwake nje, lichemshe maji, maji ndiyo yaingie ndani.

Hayo maji yanahitaji chupa ya chai, na hapa nyumba inapata kifaa chenye kazi mbili. Chupa ya lita moja na nusu ijazwe jioni. Usiku maumivu yakianza, huna haja ya kuwasha jiko. Maji yaliyokaa saa sita yamepungua joto, basi badala ya kikombe kwa kikombe, tumia viwili vya chupa kwa kimoja cha bomba, na jaribio la mkono libaki lilelile. Chupa mpya inayotunza joto sana hukaribia maji yaliyotoka jikoni, hivyo usikadirie kwa mazoea.

Kazi ya pili ni kunywesha. Figo za watoto hawa hushindwa kuufanya mkojo uwe mzito, wanapoteza maji mengi, ndiyo sababu wengi hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Wasigombezwe, wala wasinyimwe maji jioni kama dawa ya hilo. Mtoto wa kilo 16 anahitaji karibu lita 1.3 kwa siku, wa kilo 20 lita 1.5, wa kilo 25 lita 1.6, na zaidi kidogo anapoumwa au akicheza juani, isipokuwa daktari amesema vingine. Kwenye baridi hasikii kiu, na maji ya bomba ya asubuhi yanaumiza meno, basi hanywi. Mpe ya vuguvugu, uji mwepesi wa ulezi, maji yenye ndimu. Chupa ya shule iwe na alama za mililita, mwalimu aambiwe kwamba mtoto huyu anatoka kwenda chooni bila kuomba mara mbili. Maji ya kunywa yachemke kwa mapovu makubwa dakika moja. Wanaoishi juu ya mita 2,000, kama sehemu nyingi za Makete, wayaache dakika tatu.

Maumivu yakiendelea baada ya joto na maji, panado ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5 hupewa kwa miligramu 15 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 16 anapata mililita 10, kila baada ya saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Ibuprofeni, ikiwa kliniki imeiruhusu, miligramu 10 kwa kilo kila saa nane baada ya kula, na isitolewe kwa anayetapika, aliyekaukiwa maji au mwenye shida ya figo. Tumia kipimio cha dawa chenye mililita, vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini asipewe. Yakizidi hapo, mtoto anahitaji dawa kali zaidi za hospitali, na kukanda zaidi hakutasaidia.

Utunzaji wa mpira hauchukui muda. Maji ya jana yamwagwe, yasipashwe tena ndani ya mpira wala yasinywewe. Uning'inize kichwa chini, kizibo nje, mbali na jiko na dirisha lenye jua, maana jua huukausha mpira kuliko maji ya moto. Usiupake mafuta, usiuhifadhi ukiwa umekunjwa wala chini ya vitu vizito. Nunua pete ya ziada mapema, fundi bomba huwa nazo za ukubwa unaokaribiana. Miaka miwili ikifika, au ukiona ufa, shingo imelainika, au rangi imechujuka upande mmoja, ukate kwa mkasi kabla ya kuutupa, ili mtu mwingine asiuokote akauvika soksi na kumpelekea mtoto wake.